Bango la Mama wa Mikate

Baba yangu mdogo anachora mabango ya maduka. Hali ilipobana, mtaa mzima ulikonda, yeye akapata kitambi. Duka likifunguliwa anaitwa, likifungwa anaitwa, na siku hizo yalikuwa yakifungwa mfululizo. Ningedhani aibu ingemshika kidogo. Wapi! Alipita na ngazi begani, mluzi mdomoni, akiwaambia waliofilisika, "Tazameni upande mzuri."

Upande mzuri! Kinyozi kabaki na kiti na kioo, anajinyoa mwenyewe asije akasahau kazi, anaambiwa atazame upande mzuri. Muuza viatu hajaona mteja wiki nzima, baba mdogo anamliwaza: "Angalau visigino havichakai." Mtu wa namna hiyo hafai kukaribishwa kiti, anafaa kupimwa akili.

Tena ana ugonjwa mwingine: mkono wake hauandiki habari mbaya. Fundi saa alimwagiza aandike "Nimehama", yeye akaongeza "kwenda pazuri zaidi". Fundi saa alikuwa amehamia sebuleni kwa mama mkwe.

Basi ikafika zamu ya mama wa mikate, mjane jirani yetu. Unga ulikuwa umepanda mpaka wateja wake wakawa wanausalimia mkate kwa mbali na kupita. Akaamua kuuza tanuri, kitu pekee cha maana alichobaki nacho, akaanze upya kwa dada yake. Mnunuzi alishapatikana.

"Shemeji," akamwambia baba mdogo, "niandikie TUMEFUNGA KABISA. Sitaki mtu anigongee mlango."

Baba mdogo akapanda, mimi nikashika ngazi. Akaandika, kwa nyekundu inayong'aa: TUMEFUNGA KWA MUDA.

"Baba mdogo, hukuambiwa hivyo."

"Hilo neno kabisa ni zito, mwanangu. Litaangusha ukuta."

"Ukuta uliopakwa na wewe unaanguka wenyewe."

Kesho yake mnunuzi akaja na mkokoteni, akasoma bango, uso ukambadilika. Kumbe mama anafungua tena! Basi bila shaka keshapata tanuri jipya, na hili anataka kumtupia yeye kwa sababu ni bovu. Mama akaapa, akalia, akaliwasha mbele yake. Jamaa akageuza mkokoteni.

Mama wa mikate akatufuata kibandani kwa baba mdogo, masizi ya tanuri bado kwenye nyusi.

"Wewe mwanamume, rangi yako imenifukuzia mnunuzi! Sasa nitaondokaje hapa?"

"Shemeji, hebu tazama upande..."

"Imalizie hiyo sentensi nikunyweshe hilo kopo."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliuacha upande mzuri, akachukua brashi. Tukabeba ngazi kwenda kusahihisha.

Mlangoni tukakuta watu. Walisoma "kwa muda", wakaja kuuliza muda wenyewe unaisha lini. Muuguzi aliyetoka zamu, mlinzi wa benki, kinyozi na kidevu chake safi.

"Sifungui!" mama akafoka. "Mkate mzima hamuuwezi, mnanichosha bure."

"Nani kakuambia tunataka mzima?" mlinzi akasema. "Tuokee midogo."

"Midogo kiasi gani?"

"Kiasi cha mfuko wangu. Ukiona unautafuta kwenye kiganja, ndiyo huo."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Akawatazama mmoja mmoja, kama anayechagua wa kumpiga kwanza. Baba mdogo alikuwa juu, brashi hewani, rangi inanidondokea kichwani, na tabasamu lake la kijinga limeanza kuchomoza.

"Shuka," mama akamwambia.

"Nisiandike?"

"Nimesema shuka! Na ukitabasamu nakuondolea ngazi."

Akaingia ndani kukanda.

Anaoka mpaka leo. Mikate yenyewe ni kama sabuni za hotelini, na faida yake haimtoshi hata kujisifu. Lakini inaisha kabla jua halijakaza, na tanuri liko palepale. Baba mdogo, kwa vile hana haya, anatangaza mtaa mzima kuwa amemwokoa mjane. Kaokoa nini? Aliyekanda ni mama. Yeye alikaidi tu agizo la mteja.

Juzi alimwendea na makopo yake, akajitolea kumchorea bango jipya la bure: MIKATE MIKUBWA, MITAMU. Mama akamfungia mlango usoni, akachukua kipande cha mkaa, akaandika mwenyewe ukutani, herufi zimepinda kama zimetoka kupigana: MIKATE MIDOGO. IPO.