Majogoo Sita Walioingia Kwenye Pamba

Enzi zetu, sisi tuliokulia Dutwa, huku Usukumani, hakuna aliyeuliza kama kuku ni wa asili. Kwani kulikuwa na wengine? Walichakura chini ya kihenge, wakala mtama uliomwagika, mchwa tuliowachimbulia na mabaki ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Jogoo akiwekwa motoni, kuni ziliisha yeye bado mgumu, lakini mchuzi wake ulinukia mpaka barabarani. Leo wajukuu wangu nikiwapikia kuku wa namna hiyo wanalalamika meno yanauma, halafu wanaomba chipsi.

Msimu mmoja tu ndio kuku walikosa uhuru, nao ni pale pamba ilipoanza kupuliziwa dawa. Baba alitoka na bomba mgongoni tangu alfajiri, na harufu kali ya dawa ilishika nguo zake mpaka zifuliwe mara mbili. Mama naye aliwafungia kuku wote kwenye banda la miti nyuma ya nyumba. Amri ilikuwa fupi: "Milembe, ukitoka humo, funga."

Nilikuwa darasa la nne. Jioni moja niliingia bandani kuokota mayai, wenzangu wakaniita tucheze rede. Mayai niliyafikisha jikoni, ila mlango sikuukumbuka. Nakumbuka nikiwa katikati nakwepa mpira, watoto wanapiga kelele, mara naona mikia ya majogoo wetu inapotelea kwenye pamba iliyopuliziwa asubuhi ile ile. Nilikimbia nikawafukuza, nikawarudisha wote, nikafunga. Sikumwambia mtu.

Kesho yake mchana akaja Mzee Salumu, mwenye duka la vitambaa Bariadi mjini, na baiskeli yake na tenga nyuma. Binti yake alikuwa anaolewa wiki ile, na mzee alikuwa amemwagiza mama majogoo sita.

"Mwadila, Mama Milembe," alisalimia kwa Kisukuma chake cha dukani. Kisha akauliza, kama alivyouliza kila mwaka, "Hawa hawajatoka tangu mlipoanza kupulizia?"

"Hawajatoka, mzee. Nimewafungia mwenyewe."

Mama alisema alichokijua. Alikuwa anamfunga miguu jogoo wa nne. Nikawaza wale watoto wa harusini, rika langu, kila mmoja na kipande chake mkononi.

"Mayu," nikamwita mama, kama tulivyomwita nyumbani, "jana walitoka. Waliingia kwenye pamba."

Mama hakunigeukia. Aliinama, akaanza kuwafungua majogoo mmoja mmoja.

"Mbona wanaonekana wazima?" Mzee Salumu alisema kwa unyonge. "Harusi imefika, mama. Tutawaosha vizuri tu."

"Utaosha manyoya, mzee. Dawa wameimeza. Siwezi kukupa chakula ambacho wanangu sitawapa."

Akamwelekeza kwa jirani yetu mmoja aliyelima mpunga tu, mbali na pamba. Mzee alikwenda huko akapata majogoo wake. Mimi nilijua fimbo inakuja, nikakaa karibu na ukuta nikiisubiri. Haikuja. Mama alisema tu, "Ungenyamaza, mimi ningekuwa mwongo bila kujua." Maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo. Majogoo hawakufa hata mmoja, lakini mama hakumchinja yeyote wala kumuuza mwaka ule. Na siku ya pili baada ya harusi, Mzee Salumu alituletea sinia la pilau lililofunikwa kawa. Mama alikula, akasema kuku wa jirani ni watamu.

Sasa mimi ndiye mfugaji, hapa pembeni ya mji wa Bariadi, na kikundi chetu cha akina mama kinatafuta lebo ya kilimo hai. Juzi alikuja mkaguzi, binti mpole, simu mkononi. Aliuliza mahindi ya kuku yametoka wapi, jirani anapulizia nini na shamba lake liko umbali gani, na kuku waliougua wakapewa dawa nimewatenga wapi.

"Nimewatenga kule," nikamwonyesha, "na siwauzi kwa jina la kilimo hai."

"Imeandikwa, mama?"

"Ninakwambia."

"Ninakuamini, mama yangu. Lakini kisichoandikwa siwezi kukipa lebo."

Sikumkasirikia. Mtu wa Mwanza au Dar es Salaam anayemchukua kuku wangu kwenye friji ya duka hajui kwangu ni wapi, na ana haki ya kujua anakula nini. Nimenunua daftari, naandika kila siku, na mwandiko wangu unazidi kunyooka. Ila nikishamaliza kuandika, hukaa kidogo hapo kibarazani. Zamani mteja aliuliza, akasimama, akamtazama usoni anayemjibu. Siku hizi kuku wangu wanafika mbali kuliko nilivyowahi kufika mimi, na sijui wanaliwa harusini au msibani. Yule mteja anasoma karatasi, mimi natia saini, na hatutasalimiana kamwe.