Kisahani cha Mama Vifaranga

Nyumbani kwa Mama Vifaranga hakuna anayechomeka pasi kimyakimya. Sharti upaze sauti kwanza: "Napiga pasi jamani!" Naye, popote alipo, atajibu: "Haya, nimesikia." Mgeni huweza kudhani familia nzima imechanganyikiwa, kumbe ni kazi. Katika chumba cha nyuma kuna mashine ya kutotolesha mayai, na mama huyu huilinda akiwa jikoni, kwa kutazama mita ya umeme iliyo juu ya mlango. Kisahani cha ndani ya mita kikikimbia, mashine inapasha joto. Kikijikokota, imepumzika. Kikikimbia tu bila kupumzika, mayai yanaungua, na ndiyo riziki yake.

Fundi wa shirika la umeme alipoleta mita mpya, ile inayotuma hesabu ofisini yenyewe, binti wa Mama Vifaranga alishangilia.

"Mama, utaona matumizi yote kwenye simu!"

"Kwenye simu yangu kinachofanya kazi ni tochi tu."

Fundi akacheka. Mama akamkazia macho.

"Hebu niambie, mwanangu. Ofisini wakitaka kunikatia umeme, hiyo mita yenu inabisha hodi?"

"Haibishi, mama. Wanakata hukohuko."

"Anayekuja na miguu yake naweza kumsihi angoje vifaranga watoke. Huko nitamsihi nani?"

Fundi kabla hajajibu, kisahani kikaanza kukimbia kama kinafukuzwa. Mama akatoka mbio, ndala moja ikabaki jikoni. Akafungua mashine, akatia mkono. Joto lilikuwa lilelile.

"Nani amechomeka kitu?"

"Birika, mama," binti akasema kwa sauti ya chini. "La chai ya mgeni. Nimesahau kutangaza."

"Chai ya mgeni ndiyo initoe roho?"

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, hacheki tena.

"Mama, mita mpya haina kisahani. Ina kitaa kinachowaka na kuzimika, ila kidogo, kutoka jikoni hutakiona vizuri. Na kubadilisha ni hiari yako. Nilipaswa kuanza na hilo."

"Kumbe hiari! Na bisibisi ulishaitoa."

"Tunahimizwa twende haraka, mama."

"Basi ibaki hii hii."

Binti akanuna. "Mtaa mzima tutabaki sisi tu."

"Ukipata kwako, mama yangu, weka hata inayoimba. Leo nishikie ngazi ya fundi, apande anifutie kioo cha mita, asituangukie."

Kwa kuwa ngazi ilikuwa imeshaletwa, fundi alipanda akafuta kioo cha mita, kilichogandwa na moshi na mafuta ya miaka. Mama akasimama mahali pake jikoni, shingo upande, akimwelekeza.

"Kushoto kidogo. Ee, hapo hapo. Sasa nakiona hata nikikata vitunguu."