Kitambaa Juu ya Kompyuta za Mjukuu

Nyinyi vijana mnaocheka mkiona bibi zenu wanashika simu kwa mikono miwili, someni haya kwanza. Darasani sikukaa sana, lakini nyumba yangu hapa mtaani Shika Adabu naijua hadi msumari.

Mjukuu wangu wa kike aliniwekea kompyuta tatu juu ya kabati la vyombo. Kila moja haizidi kipande cha sabuni. Hazina kioo wala pa kubonyeza. Ni waya na vijitaa tu. Yeye amepanga chumba Port Reitz, na akiwa huko huziingia kwa mtandao, akazituma kazi kama mtu anayemwamuru mtumishi aliye chumba cha pili. Moja hupima maji ya tangi langu. Ya pili na ya tatu sikuuliza, maana nikiuliza hueleza.

Sasa, kwangu kitu hakikai uchi sebuleni. Runinga ina kitambaa, redio ina kitambaa, jagi pia. Asubuhi moja nilikuwa na wageni, nikazifunika zote tatu kwa kitambaa changu cha kufuma, kile kizito. Zikapendeza.

Kumbe siku hiyo mjukuu alikuwa kwenye mahojiano ya kazi, na wakubwa wanataka awaonyeshe anavyoziingia mashine zake kutoka mbali. Akajaribu, wapi. Akanipigia.

"Bibi, taa za kompyuta zinawaka?"

"Salamu siku hizi hakuna?"

"Shikamoo bibi. Taa, tafadhali."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Bibi, nisipoingia sasa hivi, kazi nimeikosa."

Nikafunua. Taa zimezimika, na vidude vina moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

"Zimezimika. Zina homa."

"Kwani umezifanyaje?"

"Nimezivisha."

Nikasikia wanaume wanacheka. Alikuwa ameiweka simu kwenye spika, wakubwa wananisikia tangu mwanzo. Haya, na wanisikie.

"Hao wanaocheka hawana bibi kwao? Mbona hawaniamkii?"

Sauti nzito ya mtu wa bara ikasema, "Shikamoo, bibi." Na mwenziwe akafuata.

"Marahaba. Sasa ngojeni zipoe."

Nikazichomoa, nikazipepea kwa kipepeo cha makaa, sikufanya haraka. Nilipozichomeka tena, taa ya kijani ikaanza kupepesa.

"Nimeingia," mjukuu akasema.

Kazi akapata. Ijumaa iliyofuata akaja na mkoba mtupu: anazihamishia kwake, ati zisipate tabu tena. Mimi nikaona mbali. Zikishatoka humu, huyu atanipigia kwa lipi? Alipoingia kutawadha, nikamwita mkaza mwanangu ninayekaa naye humu, na watoto wake.

"Mashine hazitoki kabatini. Akizitaka, aje kuzitazama papa hapa kila Ijumaa, na ale. Na huo mkoba ufichwe."