Nguruwe wa Msiba wa Dokta Ambokile

Ndiyo nikamwambia Luka, mfungue. Mfungue miguu huyo nguruwe, kwa Dokta haendi hivyo.

Tumaini, umeandika? Andika ninavyosema, usinirekebishe. Ukurasa huu wa mtandaoni ni wa mkwe wangu Tumaini, mimi kusoma sijui, ila maneno ni yangu.

Dokta Ambokile, bwana mifugo wetu hapa Kilolo, amefariki juzi kwao Mbeya. Alienda likizo, akaumwa siku mbili tu. Dada yake alinipigia simu, nikasema "haya, asante," nikarudi kumenya viazi.

Nimemenya ndoo nzima. Tuko wawili humu ndani, ndoo nzima ya nini?

Kulia sijalia. Watu wananiangalia, na mimi nawaangalia.

Hilo jina la Dokta tulimpa sisi. Mwenyewe alisema, "Bibi, mimi si dokta, mimi ni ofisa." Tukamwambia ofisa hachomi sindano, nyamaza.

Siku ya kwanza alinikuta stendi nimebeba kuku vichwa chini, napeleka Iringa mjini. "Bibi, hao damu yote imeshuka kichwani!" Nikamjibu, "Mimi nimeinamia viazi tangu asubuhi, yangu imeshuka wapi?"

Alicheka mpaka akaegemea pikipiki ya watu. Kesho yake kaniletea tenga. Kuku zangu zimekaa humo zinachungulia kama abiria waliolipa.

Na salamu yake! "Kamwene" yetu ya Kihehe aliitamka Kinyakyusa, tukimcheka anarudia tena kwa nguvu.

Halafu lile banda. Jike langu la nguruwe nililibana mahali hata kugeuka haliwezi. Huku tuliamini hivyo, nguruwe akitembea mafuta yanaisha. Basi kila likizaa linalalia watoto, wanakufa.

Nikasema nimerogwa. Nikamnunia jirani mwaka mzima, salamu hakuna. Jirani mwenyewe ndiye huyu Luka.

Dokta akaja, akaangalia, akasema, "Bibi, ingia wewe humo."

Nikaingia, na uzee huu. Nataka kugeuka, gauni limenasa, matope mpaka huku. Nikamwambia nitoe. Akasema, "Subiri kidogo, mwenzio yumo tangu Pasaka."

Nilimtukana, mama yangu! Lakini kesho yake nikabomoa. Tukaongeza mabanzi, tukaweka nyasi kavu, akapigilia ubao pembeni ili watoto wakimbilie chini yake mama akilala.

Tisa walizaliwa, tisa wakakua. Mmoja nikampelekea Luka, nikamwomba msamaha. Akaniuliza, "Kwani ulikuwa umeninunia?"

Nguruwe wa leo ni wa uzao huo huo. Nimemtoa wa msiba, huko Mbeya wapikie watu.

Asubuhi gari imekuja, Luka na wenzake wakamfunga miguu yote minne, wakamtupa nyuma chini ya magunia ya viazi. Toka huku, upite Iringa, uje Igawa, mpaka Mbeya! Anapiga kelele mpaka mbwa wamekimbia.

Na semina ya Dokta ya kusafirisha mifugo Luka alikaa mbele. Chapati alikula.

Eti ananiambia, "Bibi, tunachelewa, maziko kesho. Na huyu si anaenda kufa tu?"

Nikasema kufa atakufa. Dokta naye kitimoto alikula, na pilipili juu. Alichokataa ni kumtesa mnyama njiani. Leo tumpelekee kwenye jeneza lake mnyama amevunjika miguu? Dada yake atatuona watu gani?

"Kama hamtaki, nendeni na viazi. Nguruwe ni wangu."

Wamenuna. Dereva kazima gari. Sasa wako nje wanapigilia mbao, wanamtengea sehemu yake asimame, magunia wamehamishia upande mwingine. Mnasikia nyundo? Hamsikii, ninyi mnasoma.

Ambokile, mwanangu. Nikisikia pikipiki inapita nadhani ni wewe, nainuka, nakaa tena.

Nimepiga namba yako jana. Nilitaka kukuuliza nguruwe akisafiri mbali anyweshwe maji saa ngapi. Tumaini akaninyang'anya simu.

Nimemnywesha kabla. Sijui kama nimepatia.

Ngoja, Luka ananiita dirishani.

"Bibi, tumemfungua, sehemu yake iko tayari. Lakini amegoma kupanda, amekaa chini. Tukimvuta tutamuumiza. Njoo umwite wewe, sauti yako anaijua."

Haya, nakuja. Msimguse.

Pumzika, Dokta. Umefanya kazi. Tumaini, peleka hivyo hivyo, acha niende. Akinisikia atapanda.