Majina Matatu Ndani ya Alama za Nukuu

Ofisini walimwita Darubini, na jina lenyewe alilipenda. Alikuwa ofisa wa ajira katika kampuni ya walinzi, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, na kwa miaka tisa hakuna aliyevaa sare ya kampuni ile bila kupita kwanza kwenye kompyuta yake. Wengine wakitafuta jina la mtu mtandaoni waliletewa takataka za dunia nzima. Yeye aliyafunga majina yote matatu ndani ya alama za nukuu ili yasiachane. Kama lilikuwapo jina la mchezaji linalofanana, aliandika neno mpira na kulitanguliza kwa alama ya kutoa, mchezaji akatoweka. Kisha aliubana utafutaji ubaki ndani ya tovuti moja tu, ya mahakama au ya chuo, na ulete faili za PDF pekee. Dakika kumi zilimtosha kumvua mtu nguo.

Na mdomo alikuwa nao. Waombaji aliowanasa hakuwaandikia barua. Aliwaita, akawageuzia kioo cha kompyuta wajisomee, huku yeye akinywa chai. Kijana mmoja aliyewahi kufungwa miezi mitatu kwa kupigana aliambiwa asome polepole, asije akasingizia kwamba majina yamefanana tu. Alisoma, akashukuru, akatoka. Mlangoni alimpita mwanamke wa mapokezi bila kumwangalia. Mwanamke yule alikuwa shangazi yake, ndiye aliyemlea. Darubini hakulijua hilo; hakuwahi kumuuliza Mama Mapokezi hata habari za nyumbani.

Miezi minne baadaye Mama Mapokezi alimwomba amfundishe kutafuta, asije akazeekea kwenye daftari la wageni. Darubini alifurahi. Alimwandikia kila kitu kwenye karatasi: alama ya kutoa igandane na neno linalofuata, neno site, nukta mbili, kisha anwani ya tovuti bila kuacha nafasi, neno filetype, nukta mbili, pdf. Mama Mapokezi alikuwa mzito wa kuelewa, lakini akishashika kitu hakiachii. Alipouliza ajaribie jina la nani, aliambiwa jina lolote analolijua.

Alijaribia la mwalimu wake.

Jumatatu iliyofuata meneja aliwaita wafanyakazi wote chumba cha mikutano. Alisema anataka waone jinsi Darubini anavyofanya kazi, akamtajia jina la kutafuta. Yalikuwa majina ya Darubini mwenyewe, yote matatu. Zamani alikuwa akijitafuta kila mwezi, asipate kitu, hadi akaacha. Hakujua kwamba mwaka ule chuo alichosoma kilikuwa kimepakia mtandaoni makabrasha yake ya zamani.

"Andika," meneja akasema. "Kama ulivyozoea, na alama zako."

Lilikuja jibu moja tu: orodha ya wanafunzi waliofukuzwa kwa udanganyifu katika mtihani wa mwisho. Meneja alimtaka asome kwa sauti. Akasoma. Akaulizwa cheti kilichomo kwenye faili lake alikipata wapi, akajibu kwamba alitengenezewa. Dereva wa kampuni alicheka, na baada yake wakacheka wengi.

Alipokuwa akikusanya vitu vyake alimfuata Mama Mapokezi, akamuuliza amemkosea nini.

"Yule kijana wa kupigana ni mwanangu," mwanamke akasema. "Nimemlea mimi. Na wewe ulikuwa unakunywa chai."

Mama Mapokezi alipewa meza ya Darubini. Wiki haikuisha akamwendea meneja kumwombea kijana wake kazi. Meneja alimwambia taarifa ya Darubini haikuwa na kosa, ila kama ana shaka aihakiki mwenyewe, sasa si ndiyo kazi yake? Akarudi mezani, akamtafuta mwanawe, akampata palepale alipokuwa, kwenye kumbukumbu za mahakama. Alilichapa jibu lile na kulirudisha faili kabatini.

Darubini alikiandikia chuo akiomba karatasi ile iondolewe. Walimjibu kwa mistari miwili kwamba ni kumbukumbu halali. Aliomba kazi sehemu tano. Huko pia walikuwapo watu wanaojua kutafuta. Habari zilifika kwa mama yake kabla yeye hajapata ujasiri wa kuzisema. Alimkuta sebuleni amekwisha kuibandua ukutani picha ya mahafali, ile aliyopiga na joho la kuazima, ameilaza kifudifudi juu ya kochi.

"Baba yako alikufa akijua umemaliza chuo," mama akasema. "Bora na mimi ningemfuata kabla sijajua."

Hakumfukuza. Alimpakulia chakula, akaenda kulia chake chumbani, na mpaka leo hula hivyo. Darubini sasa anapiga pasi kwa dobi, mtaa wa nyuma ya soko. Mashati ya sare za walinzi huletwa pale kila Ijumaa, kwenye magunia, na yeye ndiye anayeyanyoosha kola.