Sufuria Isiyong'aa

Mume wangu ndiye aliyenikataza kusugua sufuria, nami nikadhani ananitania. Katika Ruiru yetu ya wakati huo, mke mgeni alipimwa kwa vyombo vyake. Maitu, mama mkwe wangu, alipita nyuma ya nyumba kila asubuhi kuangalia kama uso wake unaonekana kwenye sufuria zangu. Basi nilisugua kwa majivu na mchanga mpaka kucha zikauma.

Mume wangu alikuwa fundi wa mashine za kukaushia kahawa shambani kwa mzungu. Jioni moja aliinua sufuria ya alumini aliyoninunulia Thika.

"Atiriri, sikiliza, hii rangi imefifia si uchafu," akasema. "Ni ngozi. Hewa ikigusa alumini inaifanyia ngozi nyembamba, ndio hiyo ingine ya ndani isiliwe. Wewe unaitoa, inajifanya tena, unaitoa. Siku moja utapikia kwa tundu!"

Akanieleza kwamba hata bomba la tanuri lao lilikuwa chuma kilichochanganywa na metali iitwayo kromiamu. Lilipata moto hadi kuwa jekundu kila msimu bila kuharibika, kwa kuwa lilivaa ngozi ya namna hiyo, ilhali chuma cha kawaida kwenye moto ule kilibanduka magamba. Nilimcheka, nikaendelea kusugua.

Kisha hali ya hatari ikatangazwa, na askari wakamchukua mume wangu, wakamfunga kambini. Mimi na Maitu tulihamishiwa kijiji kilichozungushiwa handaki, tukakaa kibanda kimoja. Tangu hapo niliosha sufuria ile kwa maji na kitambaa tu. Ikafifia, ikawa kijivu. Wanawake walisema nimekuwa mchafu, na Maitu aliona haya, tukagombana sana. Sikujali. Hilo ndilo neno pekee la mume wangu nililoweza kulitimiza, na nilitaka akirudi aikute nzima.

Mtu aliyefungwa naye ndiye aliyetuletea habari. Homa ilimuua kambini, wakamzika huko huko.

Majirani walipoanza kuja kutupa pole, Maitu aliketi mlangoni, akaipakata sufuria yangu, akachota majivu.

"Watu hawawezi kupikiwa kwa hii," akasema.

Niliruka kumnyang'anya. Nilipoishika, nikamwona usoni. Alikuwa akisugua huku machozi yakidondokea majivuni, wala hakuinua macho. Mwanawe hakuletwa tumzike, na mikono yake haikuwa na kingine cha kumfanyia.

Nikaketi kando yake, nikaishika sufuria isiteleze, nikamwacha asugue.