Kaango la Mama Nililoondoka Nalo Kau

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilitoka kwetu Kau, bandari ndogo ya mtoni, kabla jua halijachomoza, bila kujua niendako. Mkononi nilishika kikapu, na ndani ya kikapu mlikuwa na kaango la chuma la mama yangu, limevunjika vipande viwili.

Kaango lile lilikuja na babu yangu, aliyekuwa mpishi katika meli ya Wazungu. Halikufuliwa kwa nyundo kama visu na majembe yetu. Chuma chake kiliyeyushwa kikamiminwa, kikatoka kizito, cheusi ti. Humo ndimo mama alimopikia mkate wa kumimina: unga wa mchele, tui na hiliki, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Mkate ulitoka wenyewe, haukukwanguliwa, ukingo wake umekauka na katikati laini kama shavu la mtoto. Wapiga kasia waliulizia mkate ule kabla hawajafunga mitumbwi yao. Baba alikwisha fariki, na kaango lile ndilo lililotulisha. Hata leo nikisikia harufu ya hiliki popote, husimama kidogo.

Mama hakuliosha kwa mchanga wala kuliloweka. Alilipangusa kwa maji moto kidogo, akalirudisha motoni likauke kabisa, ndipo akalipaka mafuta ya simsim kwa kitambaa. Mimi nilipaka mengi, naye alinicheka. "Kombo, mpake kama mtoto mchanga, usimpake kama mtumbwi!"

Basi siku moja jirani yetu Bi Zaina aliliazima, akapikia samaki wa ukwaju, akaulaza mchuzi humo mpaka asubuhi. Uchachu wa ukwaju ukala ule weusi wa mafuta. Mkate wa kwanza ulishika, wa pili ukatoka vipande. Mama hakugomba. Alisema, "Litapona. Siku tatu za mafuta na moto mdogo." Kisha akaitwa Kipini kusaidia kupika harusini, akaniachia nyumba.

Sasa sikiliza kosa langu. Nilikuwa nimeacha chuo cha Kurani nikiwa juzuu ya tatu, si kwa uvivu, ila miguu yangu haikutulia na macho yalitaka kuona kila kitu. Nilishinda kwa mfua chuma, nikimwona anatia kisu motoni mpaka kiwe chekundu, kisha anakizamisha majini, nacho hutoka kigumu. Nikajiambia kaango limelegea, nitalikaza mimi, mama akirudi afurahi. Nikavuvia makaa mpaka kaango likawa jekundu, nikalitumbukiza katika mtungi wa maji. Sikusikia ule mlio wa kisu kikizama. Lililia ta! kama tawi kavu, na kipande cha ukubwa wa kiganja kikabaki chini ya maji.

Ndipo nilipoondoka. Nilijiambia nitatafuta fundi wa kuliunga, nirudi nalo zima kabla mama hajajua. Nilipita kwenye mfereji mpaka mto Tana, nikapanda nao, leo nikisaidia kupiga kasia, kesho nikitembea ukingoni. Nilipofika Garsen nilimpata mfua chuma mzee. Aliviweka vile vipande magotini, akacheka mpaka akakohoa.

"Nani alikufundisha kukizamisha?"

"Nimeona mwenyewe, mzee."

"Umeona nusu. Hiki si chuma cha kufua, kijana, hiki ni uji ulioganda. Nikikipiga nyundo kitakuwa unga. Nenda zako kwenu."

Sikwenda kwetu. Nilizidi kupanda mto, nikafika kijiji cha Hewani na njaa ya siku mbili. Pale palikuwa na mfinyanzi, mwanamke mzee wa Kipokomo akiitwa Mama Jilo, na vyungu vyake vimeanikwa vimeelekea upande mmoja kama watu wasikilizao jambo. Alinipa wali na samaki kabla ya kuniuliza jina. Nilipokwisha kula nikamweleza habari yote, nikamwonyesha vipande. Nilidhani atanihurumia.

"Mama yako alikuona ukiondoka?"

"La. Alikuwa harusini."

"Ulimwachia neno kwa jirani?"

"La."

Akavirudisha vipande kikapuni. "Basi mama yako hajui kuwa limevunjika. Anajua kitu kimoja tu: karudi nyumbani, hana mwana wala kaango. Wewe ungefikiri nini?"

Mwanangu, sikuwa nimeliona hilo. Nilijidhania fundi anayehangaika, kumbe huko nyuma nimeacha nyumba iliyoibiwa.

"Rudi kesho," akasema. "Rudi na vigae vyako hivyo hivyo. Chungu hakiungwi, nami nimevunja vingi kuliko umri wako. Mama yako hivi sasa anapikia chungu. Hangojei kaango, mjinga wewe."

Nikasema nitarudi. Na kweli asubuhi nilifunga kikapu. Lakini aibu ina miguu mizito. Nikasema nimsaidie kwanza kuchota udongo. Kisha nikataka kuona jinsi vyungu vinavyochomwa. Kisha mto ukafurika, nikashukuru, maana mafuriko yalinipa sababu. Mpunga ukapandwa, ukavunwa, ukapandwa tena, nami bado nasema kesho. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa wangu niliukalia.

Nilipofika Kau hatimaye, nyumba yetu ilikuwa imefungwa na paa limeanza kuinama. Mama alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia. Bi Zaina alinikuta nimekaa kizingitini na kikapu changu.

"Kombo, ni wewe? Ingia kwangu, utalala wapi mwanangu?"

Alinitandikia mkeka, akanipa maji ya kuoga kama anavyopewa mgeni. Sikuthubutu kumwangalia usoni. Nilimwuliza watu walisema nini nilipotoweka na kaango.

"Watu watasema nini?" akajibu. "Mama yako alituambia alikupa mwenyewe. Alisema mtoto wake kaenda safari, na msafiri hawezi kwenda bila chombo cha kupikia. Tena kila mtumbwi ukitoka juu ya mto alishuka bandarini, akiuliza kama kuna mtu aliyekula mkate wako."

Nililala pale kwa jirani, ukuta mmoja tu kutoka chumba nilichozaliwa.

Haya basi, nasaha yangu. Chuma cha kumimina kipashe moto polepole, kipoe chenyewe, usikipikie kitu kichachu kikalala humo, na kikigoma kipe mafuta na siku zake. Hilo ni la jikoni. La pili ni zito zaidi: ukiharibu kitu cha mtu anayekupenda, usiondoke ukatafute dawa kwanza. Kaa mlangoni na vipande vyako, umngoje. Atagomba, pengine atalia, lakini atakuona. Kaango zima lisingemfaa mama yangu kama ambavyo mimi mwenyewe ningemfaa.

Mungu akupe mikono mipole na miguu inayojua njia ya kurudi. Akukutanishe na wako wangali hai, moto ungali jikoni, nao wakugombeze mpaka wachoke. Amina.